Milimita Mbili

Daraja jipya limefika na basi la usiku kutoka Kampala,
limeviringishwa ndani ya soksi ya mtoto, soksi moja,
na Kithende analiweka mezani kwangu
kama mtu aliyeleta kuku mgonjwa:
"Mbambu, la zamani limeliwa na mto."

Kweli limeliwa.
Mwaka ule Nyamwamba ulipoingia Kilembe bila hodi
gita lililala siku tatu chini ya kitanda, tope mdomoni.
Ubao ulikauka. Rangi ilipasuka, ikabaki.
Lakini vitandiko sita, kila kimoja na uzi wake,
vilishikwa na kutu hadi skurubu na chuma vikawa mfupa mmoja.
Nimevitia mafuta ya taa. Nimevibembeleza.
Kimoja nimekikata.

Nageuza gita kifudifudi, nafungua mgongo,
naachia springi moja, ya pili;
ya tatu inanirukia shavuni.
Napima.
Mashimo ya ubao na mashimo ya daraja hayasalimiani:
milimita mbili.
Barabarani, milimita mbili ni vumbi.
Hapa ni talaka.

"Si ulazimishe tu?"
Nani alikufunza kulazimisha, wewe mwalimu wa hesabu?
Nenda kwa Kabugho hotelini, niombee njiti za meno,
kumi na mbili, zisizotumika.

Nazipaka gundi, nazisokomeza mashimoni mbili mbili,
nakata vichwa kwa wembe.
Ndivyo mti unavyosahau jeraha: kwa kulishwa mti.

Usiku, kwa kuwa gundi haiharakishwi,
natazama kitofali cha chini ya daraja,
kile kinachoshika nyuzi kwenye mizizi.
Zinki. Chepesi kama ahadi ya diwani.
Katika sanduku la baba kuna kipande cha shaba.

Baba alikereza vyuma katika karakana ya mgodi
enzi mlima huu ulipokuwa na mishahara.
Kiswahili hiki ninachokuandikia ni cha karakana ile:
Wakonzo, Watoro, Wakiga, watu wa Kongo,
kila mmoja aliacha lugha yake mlangoni pamoja na koti,
akaingia na maneno ya kufanyia kazi.
Lete. Shika. Polepole. Bado.
"Bado" ndilo alilolipenda.
Alilisema akiwa na tupa mkononi.
Alilisema hospitalini.

Nakata, natoboa, napiga tupa
mpaka kucha zangu zinang'aa dhahabu ya uongo.
Nikikigonga, kinaendelea kulia baada yangu.

Asubuhi natoboa ubao upya, kwa drili nyembamba kama shaka.
Nafunga. Navisha nyuzi. Nachomeka spika:
mmmmmmm, nzi elfu ndani ya debe.
Kithende anashika nyuzi. Nzi hawajali.
Anagusa chuma cha plagi: kimya.
Anaondoa kidole, wanafufuka.
"Linataka kushikwa," anasema.
Linataka udongo, mwalimu.
Nimesahau waya wa ardhi, mimi, baada ya miaka kumi na tisa.
Nipe lehemu, na usimwambie mtu.

Kisha ile kazi isiyoonekana.
Freti ya kumi na mbili: gusa uzi juu juu, usiubonyeze.
Kengele.
Sasa ubonyeze.
Sauti mbili hizo lazima ziwe mtu mmoja.
Ya pili imepanda kidogo. Narudisha kitandiko nyuma,
robo ya mzunguko.
Bado.
Robo tena.
Bado.
Nje, vijana wa halmashauri wanapima daraja la mto,
la nne tangu nianze kuhesabu,
wanarushiana namba kwa sauti kubwa kutoka ng'ambo hadi ng'ambo.
Nafunga dirisha.

Jioni Kithende analipa kwa noti zilizokunjwa hadi kuwa nguo.
Nazihesabu. Bado elfu tano, namwambia,
naye anapiga uzi mmoja, ule mnene,
anauacha,
mpaka nasahau nilikuwa nimefika ngapi.